Fimwea kwanza, OS baadaye: kupiga seva nyingi bila kuzunguka na flashi

Wakuu, kuna swali huwa namuuliza kila mtu anayesimamia seva nikikutana naye: diski zilizomo kwenye seva zako zina fimwea (ile programu iliyokaa ndani ya kifaa chenyewe) toleo gani? OS, yaani mfumo endeshi, kila mtu anaijua, atakwambia hizi Ubuntu 22.04, zile pale Rocky, kuna mbili za Windows za wahasibu. Ukija kwenye fimwea, kimya. Na si kwamba ni wazembe hapana, ni kwamba kazi ya kupiga OS (kuisanikisha) tumeshaizoea na tumeshaitafutia skripti, ila fimwea tumeiacha iwe kitu cha "tutaangalia tukipata nafasi" na nafasi yenyewe haipatikani miaka na miaka.

Sasa sikiliza hii. Novemba 2019 HPE, watengenezaji wa seva, walitoa tangazo kwa wateja wao kwamba kuna aina fulani za SSD za SAS (diski za seva zisizo na sehemu inayozunguka) ambazo kama fimwea yake iko chini ya toleo la HPD8, zikifikisha saa 32,768 za kuwaka zinakufa. Piga hesabu, ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Diski ikishafika hapo haifufuki na data haziokoleki. Hiyo namba 32,768 yeyote aliyewahi kuandika programu anaishtukia hapohapo maana ni 2 kwa kipeo cha 15, ndo pale ambapo kaunta ya biti 16 yenye alama ya kujumlisha na kutoa inaishiwa nafasi. Machi 2020 likaja tangazo lingine, diski nyingine, safari hii kikomo ni saa 40,000, yaani miaka 4, siku 206 na saa 16, na dawa yake ni toleo HPD7.

Ukifikiria vizuri utaona ubaya wake uko wapi. Sisi tunanunua seva kwa mkupuo, zinafungwa kwenye raki wiki moja, zinawashwa siku moja. Diski zote zinahesabu saa kwa pamoja. RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data zibaki, imetengenezwa kwa ajili ya diski moja kufa leo na nyingine labda mwakani, haikutengenezwa kwa ajili ya diski nane kufa mchana mmoja. Unaweza ukawa na RAID 6 inayovumilia diski mbili kufa, una diski ya akiba imekaa pembeni, na bado usiku huo unalia. HPE wenyewe waliandika kwenye tangazo kwamba diski zilizoanza kazi wakati mmoja zinaweza kufa karibu wakati mmoja. Na kinga ilikuwa faili moja dogo la fimwea, basi, ilitakiwa tu mtu awe anajua diski zake zina toleo gani na awe na njia ya kuzifikia zote.

Ndo maana kila nikisikia mtu anasema "tumeotomatisha usanikishaji" nauliza mpaka wapi. Kama imeishia kwenye OS basi nusu ya kazi bado iko mikononi mwa watu, na mikono ya watu inachoka.

Huku kwetu hili lina uzito zaidi. Seva inatoka kiwandani, inapanda meli, inashuka bandarini Dar au Mombasa, inasubiri makaratasi, inakuja ghalani, inasubiri raki iwe tayari na umeme uvutwe. Mpaka siku inawashwa fimwea iliyokuja nayo imeshapitwa na wakati, na kwenye paleti moja unakuta seva zina matoleo mawili tofauti ya BIOS (fimwea inayoiwasha seva) wakati zimeagizwa kwa oda moja. Ukizipiga OS hivohivo zitawaka tu, hazitalalamika, alafu miezi baadaye unahangaika mbona seva hii kadi yake ya netiweki inapoteza pakiti na jirani yake haipotezi na kila kitu kinafanana. Hakifanani, ila wewe hukuangalia chini ya OS.

Tuanze na upande ambao wengi wanaujua kidogo, kubuti kwa netiweki. PXE, njia ya seva kubuti kutoka kwenye netiweki badala ya diski, si kitu kipya, ile spesifikesheni ya 2.1 ya Intel ni ya Septemba 1999 na mpaka leo ndo inabeba data senta nyingi. Inavyokwenda ni hivi. Seva ikiwaka, kadi ya netiweki inatuma ombi la DHCP (la kuomba anwani) kwa kila aliyepo, na ndani ya ombi inajitambulisha, kwenye opsheni 60 inasema mimi ni PXEClient na kwenye opsheni 93 inasema mimi ni mashine ya aina gani: 0 ni BIOS ya zamani, 7 ni UEFI (mrithi wa BIOS) ya x86 ya biti 64, 11 ni ARM ya biti 64. Hiyo namba ni ya muhimu sana, kwa sababu ukimpa mwenye UEFI faili la BIOS ya zamani haliwaki na mara nyingi hupati hata maelezo ya maana kwenye skrini. DHCP inamjibu: anwani yako hii, seva ya mafaili iko pale, jina la faili ni hili. Alafu anakwenda kulichukua kwa TFTP, itifaki rahisi ya kuhamisha mafaili.

TFTP ndo sehemu ya kuwa nayo makini. Iliandikwa RFC 1350 mwaka 1992, kwa kawaida inatuma kipande cha baiti 512, inasubiri ijibiwe nimepokea, ndo inatuma kingine, ni kama kuhamisha lori la mchanga kwa kikombe na kila kikombe unasubiri uitikiwe. Kwa faili dogo haina neno. Ukitaka kupitishia keneli (kiini cha Linux) na initrd (mafaili yake ya kuanzia) ya mamia ya megabaiti kwa seva thelathini kwa pamoja utakaa hapo. Kwa hiyo tunachofanya, TFTP inaleta faili moja tu dogo la iPXE, programu ya kubuti kwa netiweki, iPXE ikishashika usukani kila kitu kingine kinakuja kwa HTTP kutoka seva ya wavuti ya nginx ya kawaida kabisa. Seva mpya zinaweza kuruka hata hiyo hatua, UEFI 2.5 ya mwaka 2015 ilileta kubuti kwa HTTP mojakwamoja. Mimi ningekuwa naanza upya leo ningekwenda huko, hasa kwa sababu ya Secure Boot, ule ulinzi unaokataa kubuti programu isiyo na sahihi inayoaminika, maana iPXE uliyoijenga mwenyewe haina sahihi ambayo seva inaiamini na watu wanaishia kuzima Secure Boot kwenye kila mashine ili mambo yaende, wakati shim na GRUB (programu za kuanzishia OS) za Ubuntu au Red Hat zimeshasainiwa tayari na unaweza kuzitumia hizohizo kubuti kwa netiweki huku ulinzi umewashwa.

Alafu kuna swichi. Jamani, swichi! Kama kuna kitu kimoja kinachofanya watu wakate tamaa na PXE ni hiki: poti ya swichi ikiwa kwenye spanning tree ya kizamani (itifaki ya kuzuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi), ukichomeka au seva ikiwaka, poti inakaa sekunde 15 inasikiliza na sekunde 15 nyingine inajifunza kabla haijaruhusu data kupita. Nusu dakika. Na wakati huo kadi inaita DHCP hakuna anayeisikia, mara nyingi inakata tamaa kabla poti haijafunguka. Mtu anabaki anachunguza seva ya DHCP, anaangalia logi hakuna kitu, anasema kadi mbovu. Na hata ukifanikiwa hatua ya kwanza, keneli ya Linux ikiwaka inaiwasha kadi upya, linki inashuka na kupanda, nusu dakika nyingine inaanza, kisanikishi kinasema hakuna netiweki. Dawa ni kuweka poti za seva ziwe za ukingoni, wale wa Cisco wanaita PortFast, poti inafunguka papohapo. Na kama poti mbili zimeunganishwa kuwa linki moja kwa itifaki ya LACP kumbuka seva inayobuti kwa PXE haijui LACP, kwa hiyo swichi lazima iruhusiwe kupitisha data hata kama upande wa pili haujaitikia. Kwenye swichi za Cisco Nexus ni mstari mmoja, no lacp suspend-individual. Kaa na watu wa netiweki mapema muandike hayo kwenye templeti ya poti, msisubiri mpaka siku ya kazi.

Sasa nani anaiambia seva ibuti kwa netiweki? Hapo ndo BMC inaingia, kile kikompyuta kidogo kilichomo kwenye mazabodi kinachokuwa hai hata seva ikiwa imezimwa. Dell wanakiita iDRAC, HPE wanakiita iLO, Lenovo XClarity. Zamani tulikuwa tunaongea nacho kwa itifaki ya IPMI, ya mwaka 1998, kupitia UDP poti 623. Bado inafanya kazi ila kwa kweli muda wake umepita, toleo la 2.0 lina udhaifu wa usanifu uliosajiliwa kama CVE-2013-4786 ambapo mtu yeyote anayeifikia anaweza kuomba heshi ya paswedi (paswedi iliyofumbwa) kabla hajaingia, akaondoka nayo akaenda kuivunja nyumbani kwake taratibu. Hilo halina kiraka, ndivyo itifaki yenyewe ilivyoandikwa. Tangu 2015 tuna Redfish, kiwango cha shirika la DMTF cha kuongea na BMC, ni HTTPS na JSON, kitu ambacho mtu yeyote anayeandika Python kidogo anakielewa. Ukitaka seva ibuti kwa netiweki unatuma ombi la PATCH (la kubadilisha mpangilio) kwenye /redfish/v1/Systems/ na jina la mashine, ambalo kwa Dell ni System.Embedded.1 na kwa HPE ni 1 tu, ndani yake unaweka hiki:

{"Boot": {"BootSourceOverrideTarget": "Pxe", "BootSourceOverrideEnabled": "Once"}}

Lile neno Once msilichukulie poa. Maana yake ni mara moja tu, ikishabuti kwa netiweki mara hiyo inayofuata inarudi kwenye diski. Ukiweka Continuous, au ukiacha netiweki iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa BIOS alafu seva yako ya PXE inajibu kila mtu kwa kumpa kisanikishi, seva inamaliza kupigwa OS, inarestati, inapigwa tena, inarestati, inapigwa tena, na ukija kuangalia asubuhi iko mzunguko wa kumi na ngapi sijui. Hiyo kwa seva mpya ni kupoteza muda tu. Kwa seva yenye data za watu ni msiba.

Na msiba wa namna hiyo umeshatokea hadharani. Mei 2014 Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, kazi ya kupiga Windows 7 upya ilitumwa kimakosa kwa mashine zote za Windows, laptopu, kompyuta za mezani, na seva. Hatua ya kwanza ya ile kazi ilikuwa kugawa na kufomati diski. Walipogundua wakakimbilia kuizima seva iliyokuwa inatuma amri, ya SCCM (programu ya Microsoft ya kusimamia mashine nyingi), wakakuta na yenyewe imeshajifomati. Ile taarifa waliyoitoa nilipoisoma nilipata heshima kubwa kwao kwa kuieleza waziwazi, kwa sababu imewafundisha wengi.

Kwa hiyo kwetu jibu la kawaida la seva ya PXE ni moja, "buti kwenye diski yako". Mashine isiyojulikana, mashine iliyoko kazini, mashine yoyote ile inajibiwa hivo. Ili ipewe kisanikishi lazima mtu awe ameiweka kwenye hali ya kusubiri kupigwa ndani ya NetBox, orodha yetu ya vifaa, namba ya siriali ifanane, na hali hiyo inajifuta yenyewe kazi ikiisha. Na ndani ya faili linalojibu maswali ya kisanikishi, iwe Kickstart ya Red Hat, preseed ya Debian, autoinstall ya Ubuntu iliyoanza na 20.04 au AutoYaST ya SUSE, usimwambie kisanikishi afute sda. Majina ya sda na sdb yanapangwa kwa mpangilio ambao keneli imeziona diski siku hiyo, kesho yanabadilika. Taja diski kwa kitambulisho chake kilichoko /dev/disk/by-id, na kwenye Kickstart weka ignoredisk --only-use ili hizo nyingine hata asiziguse. Kama seva ina kadi ya fiba inayoona stoo ya SAN (diski za pamoja nje ya seva), hakikisha haijaunganishwa na stoo wakati wa kupiga, maana kwa kisanikishi LUN (kipande cha stoo hiyo) ya databesi ni diski tu kama diski nyingine.

Haya, turudi kwenye fimwea maana ndo nililokuja kusema.

Mpangilio wetu kwa seva mpya una hatua ya katikati ambayo wengi hawana. Seva haibuti mojakwamoja kwenye kisanikishi. Inabuti kwanza kwenye Linux ndogo inayokaa kwenye RAM tu, haigusi diski, hiyo inakagua kila kilichomo: prosesa, memori kwa kila sloti, kadi, diski na namba zake, na toleo la fimwea la kila kimoja. MAAS ya Canonical na Ironic ya OpenStack zinafanya kitu cha namna hii kabla ya kutoa mashine, kwa hiyo si wazo letu. Kinachokaguliwa kinalinganishwa na faili letu lililoko kwenye Git (ghala la kutunza matoleo ya mafaili) linalosema kwa modeli hii ya seva BIOS tunataka toleo hili, BMC hili, kadi ya netiweki hili, diski ya modeli hii toleo hili. Kama kuna tofauti inarekebishwa, inarestatiwa, inakaguliwa tena, na mpaka vyote vifanane ndo inaruhusiwa kwenda kupigwa OS. Isipofanana inabaki palepale na tiketi inafunguka yenyewe. Hakuna "tutairekebisha ikiwa kazini", kwa sababu ikishaingia kazini ina wenyewe, na wenyewe hawataki irestatiwe, na wana haki.

Hapo ndo pointi yangu ilipo. Ile saa seva iko tupu, haina mtumiaji, haina data, hakuna wa kumuomba ruhusa, ndo saa pekee ya kuigusa fimwea bila woga. Ukiipitisha unaanza kutafuta dirisha la matengenezo usiku wa Jumapili, na kila kadi moja inakuwa kikao.

Utaratibu wa nini kianze una maana yake. Sisi tunaanza na BMC, kwa sababu ndo itakayobeba hizo nyingine na kama ina hitilafu ya zamani itakwamia katikati ya safari. Alafu BIOS, alafu kontrola ya RAID, kadi za netiweki, diski, na mwisho pawa saplai kama zina fimwea yake. Ila usinikariri, soma maelezo ya toleo ya mtengenezaji, kuna BIOS nyingine haikubali kuruka kutoka toleo la kale mpaka la leo, lazima upitie la katikati. Sehemu kubwa inawezekana kwa Redfish, unasoma yaliyopo kwenye /redfish/v1/UpdateService/FirmwareInventory, na kuapdeti unatumia SimpleUpdate, unaipa BMC anwani ya HTTP ya faili inakwenda kulichukua yenyewe. Diski za NVMe tunazimalizia ndani ya ile Linux ya kwenye RAM, nvme fw-download alafu nvme fw-commit. Kuna programu ya fwupd pia ya kuapdeti fimwea kutoka Linux, na ghala lake la LVFS lililoanzishwa na Richard Hughes wa Red Hat, kwa laptopu ni zuri sana, kwa seva inategemea mtengenezaji wako ameweka nini humo.

Na usidanganyike kwamba "mpya" maana yake "nzuri". Januari 2018 Meltdown na Spectre, udhaifu wa kiusalama kwenye prosesa, zilipotangazwa kila mtu alikimbilia maikrokodi (fimwea za prosesa) mpya za Intel, watengenezaji wa seva wakaziweka kwenye BIOS, watu wakaapdeti kwa kasi, alafu tarehe 22 mwezi huohuo Intel wakasema simamisheni, prosesa za Broadwell na Haswell zilikuwa zinarestati ovyo baada ya kuapdetiwa. Wauzaji wakaondoa hizo BIOS kwenye kurasa zao. Aliyekuwa ameapdeti seva zote kwa mkupuo alikuwa na shida kubwa kuliko aliyeanza na chache. Kwa hiyo lile faili la Git halisemi "chukua ya mwisho", linataja toleo kamili, na toleo jipya linaanza kwenye seva chache zisizo na kazi nzito, linakaa siku kadhaa chini ya mzigo, ndo linapanda kwenda kwa wengine bechi kwa bechi, na ndani ya klasta moja hatuapdeti seva mbili zinazoshikilia nakala za data ileile kwa wakati mmoja.

BMC yenyewe naomba muipe uzito wa pekee. Mwaka 2017 lilipatikana tundu kwenye iLO 4, CVE-2017-12542, lililokuwa linampa mtu ruhusa zote bila paswedi kwa kutuma herufi A 29 kwenye sehemu moja ya ombi la HTTP. Herufi A! Ukiishika BMC umeishika seva yote, unaweza kuizima, kuibuti unavyotaka, kuweka diski ya mbali, na OS iliyoko juu haioni kitu. Iwe kwenye VLAN yake (netiweki iliyotengwa ndani ya swichi), isionekane kutoka intaneti hata kidogo, na kuwe na mlango mmoja tu wa kuifikia.

Paswedi za kiwandani nazo. Zamani ilikuwa rahisi kwa sisi na kwa wezi, Dell root na calvin, Supermicro ADMIN na ADMIN. Tangu sheria ya California ya usalama wa vifaa vilivyounganishwa ilipoanza kazi Januari 2020 watengenezaji wengi wamehamia kwenye paswedi ya kipekee kwa kila mashine, imeandikwa kwenye lebo ya kuvuta pale mbele. Ni jambo jema sana, lakini kama una seva arobaini hutaki kijana asimame kwenye njia ya baridi anasoma lebo kwa tochi ya simu anaandika kwenye daftari, O na 0 atachanganya tu. Muulize muuzaji KABLA hujalipa kama atakutumia orodha ya namba za siriali, MAC (anwani za kadi za netiweki) za BMC na paswedi zake kwenye faili. Ikija, skripti inaingia mara ya kwanza, inabadilisha, paswedi mpya inakwenda kwenye stoo ya siri, na hakuna binadamu aliyeiona.

Kwa mwenye seva chache anaweza kusema haya makubwa kwangu. Si kweli. dnsmasq moja inafanya DHCP na TFTP, na kama watu wa netiweki wameshika DHCP yao hawataki iguswe, dnsmasq ina hali ya proksi, wao wanagawa anwani, yeye anaongeza tu maelekezo ya kubuti. nginx ya kugawa mafaili. Folda moja ya Git. Unaweza kuiweka kwenye kimashine kidogo tu pembeni ya raki. Ukikua ndo uangalie MAAS kama nyinyi ni watu wa Ubuntu, Foreman kama ni wa Red Hat, Tinkerbell au Metal3 kama kila kitu chenu ni Kubernetes. Cobbler bado ipo na kwa kazi ndogo inatosha. Mimi nisingeanza na Ironic kama sina OpenStack, ni zito kulibeba. Chochote utakachochagua weka mira ya pakiti (nakala ya ghala la programu) ndani ya data senta yako, kila seva ikijichotea pakiti zilezile kutoka Ulaya unalipia linki ya kimataifa bure, na siku kebo ya baharini ikikatika kazi inasimama wakati vitu vyote ungeweza kuwa navyo humohumo ndani.

Kitu cha mwisho, kinasahaulika sana. Seva ikiharibika mazabodi, fundi wa mtengenezaji anakuja anabadilisha, inawaka, OS ileile iko kwenye diski, kila mtu anafurahi tiketi inafungwa. Lakini bodi ile imekuja na BIOS yake na BMC yake kutoka stoo, huenda ya miaka miwili nyuma, MAC za kadi zilizoko kwenye bodi ni mpya, mipangilio ya BIOS imerudi ya kiwandani, na paswedi ya BMC pia. Orodha yako yote inasema kitu kingine. Kama ulikuwa unaitambua seva kwa MAC peke yake seva ya PXE sasa inaiona ni mgeni, na ndo nashukuru kwamba mgeni kwetu anaambiwa abuti kwenye diski yake. Kwa hiyo sisi fundi akimaliza kubadilisha bodi anakagua kwamba ameandika upya namba ya siriali kwenye bodi mpya, anayesimamia zamu anaingiza MAC mpya, na seva inapitishwa kwenye ile Linux ya kwenye RAM kukaguliwa na kuapdetiwa kama vile imeshuka kwenye meli leo. Diski zake haziguswi. Ikitoka huko imefanana na faili ndo inarudishwa kwenye klasta, hata kama mwenye programu anapiga simu kila baada ya dakika tano kuulizia.